Adila na Wadudu wa Daktari

Kila siku ya shule, kabla jua halijakausha umande kwenye mihogo ya nyuma ya nyumba, Adila binti Mikdad alikuwa ameshamaliza kazi ambazo mtoto mwingine wa Zinga angezimaliza adhuhuri, tena kwa kununa. Alifagia uwanja. Alichemsha maji ya kunywa, akayaacha yapoe, akayachuja kwa kitambaa cheupe, akayafunika. Kisha alikiosha kikombe cha kuchotea, akakinusa, akakiosha tena. Kikombe chenyewe kilikuwa kimeanza kuchubuka kwa mapenzi hayo.

Shuleni alikuwa mwenyekiti wa klabu ya afya ya Darasa la Sita. Cheo hicho hakikuwa na mshahara wala kiti, lakini Adila alikishika kwa mikono miwili kama mtu aliyekabidhiwa funguo za benki. Asubuhi alisimama mlangoni mwa darasa akikagua kucha. Ukiwa na kucha chafu, unarudi bombani. Ukijitetea kwamba ule si uchafu bali ni wino, unarudi bombani na wino wako. Wenzake walimbandika jina la Bwana Afya, na mvulana mmoja mcheshi, Najim, badala ya kumwambia hujambo alimnyooshea vidole vyote kumi.

Adila hakujali. Mwaka uliotangulia, wakati wa hofu ya kipindupindu, wageni kutoka idara ya afya walifika shuleni wakawaambia watoto neno moja ambalo lilimwingia mpaka kwenye mifupa: wadudu wa maradhi huwaoni, lakini wao wanakuona. Dawa yao ni moto. Tangu siku hiyo Adila alikuwa mtu wa kuchemsha. Kama angeweza kuyachemsha hata maji ya mvua yakiwa bado hewani, angeyachemsha.

Mwaka huu alikuwa na sababu kubwa zaidi. Mama yake, Zuleha, alikuwa na saratani ya titi. Alianza kwa kukuta kivimbe kidogo wakati anaoga, akakinyamazia kwa muda, kisha siku moja akamwambia mumewe, na mumewe akampeleka hospitali kubwa ya Dar es Salaam. Huko daktari alisema ugonjwa umewahiwa, na kwamba utatibiwa kwa dripu za dawa kali, moja baada ya nyingine kwa kupumzika katikati. Dawa hizo zilikuwa na nguvu ya kuipiga saratani, lakini katika kupiga huko ziliwagonga na majirani. Nywele za mama zilidondoka. Na tumbo, lililokuwa la mtu anayekula samaki wa nazi na mwiba wake, likavurugika. Alikula kidogo, akaharisha sana.

Shangazi Esha, dada mkubwa wa baba, alitoka Kaole kuja kumuuguza wifi yake. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye utani usiojua kupumzika. Siku ya kwanza tu Adila alipomwomba, kwa adabu zote, aoneshe kucha zake kabla ya kushika sufuria, shangazi aliweka mikono kiunoni akauliza kama mtoto huyu anajua kwamba yeye ndiye aliyembeba mgongoni baba yake na kumfuta kamasi kwa hiyo hiyo mikono. Kisha alicheka, akanyoosha vidole, akakaguliwa.

Jioni moja mama na shangazi walirudi kutoka hospitali wakiwa na boksi dogo jeupe lenye vipakiti vya unga. Mama alipitiliza kitandani. Shangazi aliliweka boksi kwenye rafu ya jikoni, mbali na jiko, akasema kuanzia kesho dawa hii itakuwa kazi ya Adila, kwa kuwa yeye ndiye anayepika uji wa asubuhi.

"Ni dawa ya nini, shangazi?"

"Ya tumbo la mama yako. Humo ndani mna wadudu."

Adila alicheka kidogo, kwa heshima, akidhani ni utani. Shangazi hakucheka.

"Wadudu gani?"

"Wadudu wazima, hai. Daktari kasema wakifika tumboni wanatengeneza palipoharibika. Utamkorogea mama yako kwenye uji uliopoa. Uliopoa, umesikia? Si wa moto." Kisha shangazi akaenda zake kuswali magharibi, akamwacha mtoto wa watu amesimama jikoni kama nguzo.

Adila alilichukua boksi akaligeuzageuza. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, tena madogo kama sisimizi, na mengi hakuyaelewa. Lakini neno moja alilitambua, maana halikujificha hata kidogo: bakteria. Mama yake, mgonjwa, anayeharisha mpaka macho yameingia ndani, anaambiwa anywe bakteria? Kwa makusudi? Asubuhi kwa asubuhi?

Akajiambia kwamba hapo pana kosa. Huenda daktari alisema kitu kingine na shangazi akasikia chake. Shangazi aliwahi kutumwa kitunguu saumu akarudi na tangawizi, akabishana na waliomtuma mpaka wakakubali kwamba tangawizi ndiyo waliyoitaka. Huenda pia dawa yenyewe ilikuwa nzuri ila imeingiliwa na wadudu njiani. Angeweza kumuuliza mama, lakini mama alikuwa amelala. Angeweza kumuuliza baba, lakini baba angesema fuata ulivyoambiwa. Bwana Afya hakutaka kufuata alivyoambiwa. Alitaka kumwokoa mama yake.

Kesho yake uji wa mchele ulipochemka na kuanza kurukaruka, Adila alikata kipakiti, akaumwaga unga wote ndani ya sufuria. Akakoroga. Akafunika. Akauacha utokote muda mrefu, mpaka akawa na hakika kwamba kama kulikuwa na mdudu mwenye roho ya paka, basi ameshakufa roho zote. Ndipo akaupoza, akaumimina katika kikombe kilichooshwa mara mbili, akampelekea mama.

"Umeweka dawa?" shangazi aliuliza.

"Nimeweka, shangazi."

Na hakusema uongo, sivyo? Aliiweka. Kile ambacho hakukisema alikimeza pamoja na mate, na hakikumkwama kooni. Asubuhi iliyofuata alifanya vilevile, na iliyofuata hiyo, na jibu lilizidi kuwa jepesi kila alipolitoa.

Tumbo la mama halikutulia. Lilizidi. Chakula kilikuwa kikiingia kama mgeni asiyevua viatu: kinafika, kinaondoka. Mama alikuwa akishika ukuta anapotembea. Shangazi alimpa maji yenye chumvi na sukari kwa kijiko, akimtania ili acheke, na mama alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo kwa sababu upande wa pili ulihitaji nguvu.

Adila aliona jambo hili likimshinda. Maji yanachemshwa. Vyombo vinaoshwa. Hata wadudu wa kwenye boksi ameshawamaliza. Wanatoka wapi hawa wengine? Akaanza kumkagua shangazi kucha asubuhi na jioni, kwa jicho la askari, na kwa bahati mbaya baba yake akamwona akifanya hivyo.

Mikdad alikuwa fundi seremala, mtu mpole anayeongea na mbao kuliko watu. Lakini hofu humtoa mpole kwenye upole wake. Alasiri moja, siku mbili kabla ya mama kurudi hospitali, aliingia jikoni na kuuliza, bila kumtazama yeyote usoni, kama kuna uwezekano kwamba chakula cha mgonjwa hakiandaliwi kwa usafi.

"Unamuuliza nani, Mikdad?" shangazi alisema.

"Sisemi kwa ubaya, dada. Labda mikono. Hata mtoto ameona."

Shangazi Esha alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu Adila amjue, hakikutoka kitu. Alikitazama kitambaa alichokuwa akikunja, kisha akakitandika juu ya meza taratibu kama anakilaza kitoto. Akatoka. Adila alibaki na mwiko mkononi. Hakuamini kwamba ukaguzi wake wa kucha umefika mbali kiasi hicho. Lakini alijiambia kwamba usafi ni usafi, na kwamba kama kosa lipo, heri lijulikane.

Lilijulikana kesho yake, saa ya Sayansi, na halikutokea mahali alipolitegemea.

Mwalimu Haji aliingia darasani akauliza ni nani kati yao amewahi kunywa mtindi. Mikono karibu yote ikapanda. Mwalimu akawahesabu kwa macho, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kuigiza, akawaambia basi ninyi nyote mmekunywa bakteria, tena wengi kuliko watu wa Tanzania nzima. Darasa likapiga yowe. Najim akajishika shingo na kujiangusha juu ya dawati. Wote wakageuka kumtazama Bwana Afya, wakitaka kujua kama warudi bombani.

Mwalimu akasubiri kelele ziishe. Akaeleza kwamba bakteria ni kama watu: wamo wezi na wamo walinzi. Ndani ya tumbo la kila mtu wanaishi bakteria wengi wanaosaidia kusaga chakula na kuwabana wabaya wasipate nafasi. Wakati mwingine ugonjwa, au dawa kali, huwafukuza hao walinzi, na tumbo likabaki kama nyumba isiyo na mlango. Ndiyo maana wapo wagonjwa ambao daktari huwapa bakteria wazuri wakiwa hai, ili wakarudishe ulinzi.

Adila akainua mkono. Sauti ilimtoka kama ya mtu aliye chini ya kisima.

"Mwalimu, wakichemshwa?"

"Wanakufa. Moto hauchagui, Adila. Unamuua mwizi na mlinzi wake pamoja."

Hakusikia tena mwalimu alisema nini. Aliona sufuria, aliona uji ukirukaruka, aliona mkono wake mwenyewe unakoroga. Wakati wa mapumziko Najim alimfuata kumwuliza kama leo kuna ukaguzi, akamwona usoni, akasema, "Bwana Afya, mbona umekuwa kama uji wa juzi?" Adila alikimbia kwenda kunawa uso, na maji ya bomba yakachanganyika na mengine.

Alirudi nyumbani amepanga maneno yote. Atamwambia shangazi kwanza. Lakini alipoingia chumbani alimkuta shangazi anakunja kanga zake na kuzipanga mkobani. Shangazi alisema, bila utani hata wa kuweka juu ya kucha, kwamba kesho atamsindikiza wifi yake hospitali, na wakitoka huko yeye atarudi Kaole. Hawezi kukaa katika nyumba ambayo mikono yake inaogopwa. Maneno ya Adila yalitawanyika kama kuku walioona mwewe. Kumbe akisema sasa, si dawa tu atakayokuwa ameiharibu. Ni yeye aliyewasha moto wa jikoni na moto wa ndugu. Akanyamaza. Baba alipokuja kusema kwamba amemwombea ruhusa shuleni ili kesho aende kumsaidia mama yake kubeba mkoba, Adila aliitikia kwa kichwa tu.

Daktari wao aliitwa Wijdan. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye mtandio wa bluu, anayesikiliza kwa kuinamisha kichwa upande. Adila alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akapewa kiti karibu na ukuta. Baba alikaa upande mmoja wa mama, shangazi upande wa pili, na kati ya ndugu hao wawili palikuwa na kimya kizito kuliko mgonjwa.

Daktari alimpima mama, akamvuta ngozi ya mkono kwa vidole viwili akaitazama inavyochelewa kurudi. Akauliza kuhusu tumbo. Mama akatikisa kichwa. Akauliza kuhusu unga.

"Kila asubuhi," shangazi alisema. "Kwenye uji uliopoa, kama ulivyotuagiza. Binti yake ndiye anayemkorogea."

Daktari aliiegemeza mikono mezani. Kisha akasema jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Alisema kama kila kitu kimefanywa na bado tumbo liko hivi, basi mwili wa Zuleha umeonesha kwamba hauwezi kuistahimili dripu kwa kipimo kile. Itabidi aisogeze mbele, na ikija, aipunguze.

"Ikipunguzwa ndiyo nini, daktari?" baba aliuliza.

"Ndiyo kwamba nguvu yake juu ya saratani nayo inaweza kupungua. Sipendi. Lakini nikimpa yote wakati amekauka hivi, dawa itamdhuru kabla haijamsaidia."

Mama aliyafumba macho. Baba aliushika ukingo wa meza. Shangazi alinong'ona la haula ya kumwomba Mungu, na Adila, pale ukutani, alielewa kitu ambacho Mwalimu Haji hakukifundisha: lile jibu lake dogo la jikoni, la umeweka nimeweka, lilikuwa limesafiri kimyakimya kutoka Zinga, likaingia hospitali, na sasa lilikuwa linanyoosha mkono kuifunga dripu ya mama yake.

Alisimama.

"Daktari, niliwachemsha."

Daktari akageuka. "Uliwachemsha nani?"

"Wadudu."

Hapakuwa na aliyeelewa, na Adila akaona kwamba lazima aseme yote. Akayasema, akilia, akirudi nyuma na kuanza upya: boksi, neno la bakteria, uji unaotokota, mfuniko, na kwamba alifanya hivyo tangu asubuhi ya kwanza, bila kukosa hata moja. Akasema kwamba shangazi hana kosa, mikono yake ni misafi, yeye ameikagua.

Baba alitaka kukaa, akakumbuka kwamba ameshakaa. Shangazi Esha alimkazia macho mtoto wa mdogo wake kama anayeona mtu mpya.

"Umewapika?" alisema. "Wadudu wa daktari, umewapika?"

"Nimewapika, shangazi."

Mama alifumbua macho. Hakuna aliyejua kama atalia au atafanya nini. Akaunyoosha mkono, Adila akausogelea, na mama akaushika wake akauminya, kwa nguvu ndogo aliyokuwa nayo. Alisema anajua kwamba mwanawe alikuwa anamlinda. Hakusema zaidi, ila hakuuachia ule mkono.

Daktari Wijdan alikuwa amekiweka kichwa wima. Aliuliza maswali mafupi, akajibiwa, kisha akawaambia wazazi kwamba mambo yamebadilika. Alikuwa tayari kupunguza dawa ya saratani kwa kudhani kwamba dawa ya tumbo imeshindwa, kumbe dawa ya tumbo haijapewa hata nafasi. Hatapunguza kitu leo. Atamlaza Zuleha, amwongeze maji mwilini kwa dripu nyingine, apime choo kuona kama hakuna maradhi mengine yaliyojificha, ampe na vidonge vya kulituliza tumbo. Na ule unga utaanza upya, kwenye maji ya baridi yaliyo safi. Dripu ya saratani itangoja siku chache, mpaka mgonjwa apate nguvu.

Shangazi, ambaye alikuwa anarudiwa na sauti yake, aliuliza kama basi wadudu wazuri wako hata kwenye mtindi, si heri amletee wifi yake mtindi wa jirani, ule wa maziwa yasiyopikwa, mzito, unaosimama kwenye kijiko. Daktari akakataa kwa mkono kabla hajamaliza. Akaeleza kwamba unga ule unaitwa probayotiki, yaani vijidudu hai vyenye faida, na kwamba hautibu saratani. Kazi yake ni kulisaidia tumbo lililovurugwa na matibabu, na hata hapo baadhi ya watu huwasaidia sana, wengine kidogo, wengine hauwasaidii. Mgonjwa anayepata dripu hizi kinga yake hushuka, na kinga ikishuka, hata mdudu mpole anaweza kugeuka mkorofi. Maziwa mabichi hayafai kabisa. Unga wenyewe haufai kununuliwa kwa kusikia kwamba fulani ulimfaa. Daktari anayemtibu ndiye aseme nani anywe, lini, na nani asiguse.

Ndipo akamwita Adila karibu na meza.

"Kuogopa bakteria si kosa," alisema. "Ningekuwa na umri wako nikaambiwa nimpe mama yangu wadudu hai, na mimi ningeshtuka. Kosa liko wapi?"

Adila alifikiri. "Sikuuliza."

"Hilo la kwanza. La pili?"

"Nilipoulizwa, nilisema nusu."

Daktari akatikisa kichwa kukubali. "Mimi siishi kwenu, Adila. Sioni sufuria yenu. Macho yangu jikoni kwenu ni maneno yenu. Mkinipa maneno nusu, ninatibu nikiwa chongo."

Walipotoka nje ya chumba, baba alimsimamisha dada yake kando ya ukuta. Alimwomba radhi mbele ya mtoto, bila kuzunguka, akisema kwamba hofu ilimtangulia kufikiri. Shangazi alimtazama kutoka juu hadi chini, kama anapima kama huyu bado anabebeka mgongoni. Akasema amesamehe. Kisha akamgeukia Adila, aliyekuwa anatafuta mahali pa kuficha uso.

"Kucha zangu umezikagua wiki nzima, na mwenye balaa ni mwiko wako," alisema. "Haya, njoo hapa." Akamkumbatia mpaka mtoto akakosa hewa. Habari ya kurudi Kaole haikutajwa tena.

Mama alilazwa. Haikuwa kama kwenye hadithi ambamo mtu anakunywa kijiko kimoja na kuinuka akicheza. Siku za mwanzo tumbo lilikwenda na kurudi kama mtu asiyejua anataka nini. Majibu ya choo yalikuwa mazuri. Maji yakamrudisha macho mahali pake, vidonge vikapunguza kasi, na unga, ambao sasa shangazi aliukoroga kwanza na Adila akajifunza kwa kutazama, ukaendelea asubuhi kwa asubuhi. Hakuna aliyeweza kusema ni kipi hasa kilichofanya kazi kubwa, na daktari mwenyewe alipoulizwa alisema huenda vyote vimesaidiana. Lakini siku moja mama aliomba wali. Aliula, ukakaa. Shangazi akamtazama wifi yake kwa mashaka hadi jioni, na wali ukaendelea kukaa.

Siku ya dripu ilipofika familia nzima ilikwenda naye. Daktari alimpima, akaangalia majibu ya damu, akamwuliza shangazi kuhusu unga, na shangazi akamsukuma Adila mbele ajibu yeye. Adila alijibu yote: maji yalikuwa ya baridi, kikombe kilikuwa safi, na siku moja mama alitapika kidogo baada ya kunywa. Hilo la mwisho hakuna aliyemwambia alitaje. Daktari alimsikiliza kwa kichwa chake cha upande, akamshukuru kama anavyomshukuru mtu mzima, kisha akasema Zuleha atapata dripu kwa kipimo kamili.

Baba aligeuka ukutani akajifanya anasoma tangazo la kunawa mikono. Alilisoma kwa muda mrefu mno kwa tangazo lenye picha moja.

Saa za dripu zilipokwisha, mama alitoka akiwa amechoka, lakini anatembea bila kushika ukuta. Wakakaa wote kwenye benchi la nje, penye upepo, ili apumzike kabla ya safari ya kurudi Zinga. Joto lilikuwa kali, na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa karibu ila wao, mama aliulegeza mtandio wake ukaanguka mabegani, kichwa kikapata hewa. Adila hakuwa amekiona mchana kweupe tangu nywele zidondoke.

"Mwanangu," mama alisema, "usafi wako sikulaumu. Uendelee nao, na wenzako uwarudishe bombani. Lakini shika na hili. Ukiogopa kitu usichokijua, uliza kwanza anayekijua kabla mkono haujafanya. Na ukiulizwa, sema yote. Kweli ukiikata nusu haibaki kweli ndogo. Inageuka kitu kingine, na kitu hicho kilitaka kuniondolea dawa yangu."

"Nimesikia, mama."

"Nikikuuliza jambo sasa hivi utaniambia yote?"

"Yote, mama."

"Naonekanaje bila nywele?"

Shangazi akazuia pumzi. Baba akamkonyeza binti yake amjibu mgonjwa maneno matamu. Adila aliukagua uso wa mama yake kwa makini, kutoka kidevuni hadi utosini, kama anavyokagua kucha mlangoni mwa darasa, akaona kwamba hana njia nyingine.

"Unafanana na baba," alisema.

Mikdad aliupeleka mkono kwenye upara wake. Mama alicheka, kwa pande zote mbili za mdomo, akacheka mpaka ikabidi shangazi Esha amshike asiteleze kwenye benchi.